Mkongo Chini ya Uwanja wa Kupuria

Jumatatu, 9 Juni
Nimepura mtama tangu jua lilipochomoza, leo siku ya tatu. Debe tatu. Mgongo unauma. Msimu wa kwanza bila Baba Neema, tulimzika Machi. Uwanja huu aliusiriba yeye kwa kinyesi cha ng'ombe. Pembeni alama za vidole vyake bado zipo.

Jumanne, 10 Juni
Watu wa vipimo wamekuja na mwenyekiti wa kitongoji. Chini ya uwanja wangu unapita mkongo, waya wa mawasiliano unaofuata barabara ya Mtinko. Hilo nalijua. Nisilojua: siku hizi wanautumia kupima matetemeko. Ndani yake unapita mwanga. Ardhi ikitikisika mwanga unayumba, mashine inaandika.
Asubuhi nne mfululizo imeandika tetemeko dogo hapa. Wakalifuata kwa gari. Wakanikuta na fimbo.
Mwenyekiti alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Neema, kumbe tetemeko ni wewe."
Sikucheka. Wanataka nikapurie kwa jirani wiki tatu. Nimekataa.

Jumatano, 11 Juni
Mwenyekiti tena. Eti mimi mbishi, vipimo ni usalama wa wote. Najua. Ukuta wangu una ufa wa tetemeko, sihitaji kufundishwa. Nimemwambia mume nimeshazika, uwanja sihami. Nikaendelea kupura mbele yake.

Ijumaa, 13 Juni
Binti mmoja wa wale watu wa vipimo amerudi peke yake na kompyuta. Akaniamkia vizuri. Anasema nisihame. Wao wenyewe hugonga ardhi makusudi, wajue kipande gani cha waya kiko wapi; mapigo yangu yatawafaa kwa hilo. Nimjulishe tu nikianza na nikimaliza.
Kisha akauliza, "Mama, mwaka jana mlipura wangapi?"
Rekodi za Juni iliyopita hazikuwa zimesomwa na mtu. Akanionyesha. Kistari kizito, chepesi, kizito, chepesi. Mwaka huu vyepesi vitupu.
Kizito ni Baba Neema.
Akasema makelele ya namna hiyo huwa wanayafuta. Nikasema haya hayafutwi. Akaeleza habari za taratibu. Nikamwambia mwanangu, basi tutafute mwenyekiti, tugombane wote watatu. Akacheka kidogo. Akaandika pembeni: mtama, watu wawili, zisifutwe. Nilisimama mpaka alipomaliza.
Alipoondoka nililia. Nina hasira na Machi.

Jumamosi, 14 Juni
Saa moja nikamtumia ujumbe: naanza. Nikapiga, nikaacha nafasi ya pigo moja, nikapiga. Hivyo hivyo mpaka saa nne. Nikatuma mwingine: nimemaliza.
Upepo ulikuwa mzuri. Nikapepeta.