Mstari Mweupe kwenye Miwani ya Larissa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika. Mimi ninakata vioo katika duka la miwani la mjomba wangu, tonton Liévin, hapa Kisangani, na kioo nikishakikata ninakipitisha tena kwenye jiwe la mashine ili kuondoa ukali wa ukingo usije ukamchana mtu, lakini kazi hiyo huacha mstari mwembamba mweupe, na watu wa huku wakiuona wanasema kioo kimetolewa kwenye miwani ya mtu mwingine, kwa hiyo Papa Hilaire alipouona kwenye miwani isiyo na fremu aliyomwagizia binti yake Larissa, mtoto wa shule ya msingi, aliirudisha mbele ya wateja akisema, "Eh, hii iko occasion, mutu alishaivaa! Mutoto yangu atavaa lunettes ya marehemu?" watu wakacheka, na tonton akaniambia kabla Papa Hilaire hajarudi Jumamosi nikate vioo vingine niving'arishe tu bila kuondoa ukali, nami nikamwambia vitamkata mtoto, akajibu, "Bon, uko docteur sasa? Kata!" Yeye ndiye aliyenilea. Je, nimtii?

Florentine, Simi-Simi

Florentine, usimtii. Tonton aliyekulea anastahili heshima yako yote, lakini shavu la Larissa si lake. Mtoto wa umri huo hukimbia, huanguka, hupigwa mpira usoni, nawe unajua ukingo huo uko karibu kiasi gani na jicho. Tonton anaogopa kicheko cha wateja. Aogope kilio cha mtoto!

Pole kwa kuchekwa. Ila nina ugomvi nawe pia: Papa Hilaire alipopayuka, ulimweleza nini? Katika barua nzima sioni hata neno. Mji huu umeuziwa vitu vilivyotumika kwa bei ya vipya mara nyingi mno. Mtu akishuku ana sababu. Mjibu!

Kata vioo vipya, ondoa ukali mbele na nyuma, kisha ung'arishe na mstari wenyewe, weupe utafifia. Weka kando kipande cha kioo ambacho hujakilainisha. Jumamosi mpe Papa Hilaire soksi ya nailoni, aipitishe taratibu juu ya ukingo wa kipande hicho, kisha juu ya ule wa miwani. Ule mkali utanasa nyuzi mbele ya macho yake. Akikataa bado, mwoneshe fremu nene ya plastiki inayofunika ukingo wote.

Na tonton akishikilia amri yake, mwachie mashine. Avikate mwenyewe, kisha amvishe Larissa kwa mikono yake, baba mtu akitazama. Sidhani mikono hiyo itafika usoni.