Upande wa Pili wa Kanda ya Hiram

Tuwan, Kitale
Jumapili, 17 Oktoba 2004

Bakoki wangu Wabwile, mwenzangu wa jandoni,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango wa nyumba yako hapo shuleni. Asiisome barua hii mwalimu mwenzako wala mtu wa kwenu, na kila neno libaki kwako mpaka uimalize. Baada ya hapo utaamua mwenyewe. Sitakuwa na haki ya kukuzuia.

Salamu nyingi kwako. Natumaini u mzima, na kwamba miguu ya mama imepata nafuu. Huku watu wameanza kuvuna mahindi. Mimi ni mzima wa mwili. Kazini bado niko kwenye majaribio, na mkuu wetu bado anahesabu karatasi za taipu kila Ijumaa, kwa hiyo naogopa kama unavyonijua.

Uliniuliza kwa nini Mama Hiram alikataa mkono wako siku tulipomzika mwanawe, na kwa nini binti yake Nyambu hapokei simu zako tangu siku hiyo. Ulisema wazee wenu walikuwa wamepewa siku ya kwenda kumposa, na sasa wameambiwa wasije. Nilikujibu kwamba sijui, labda ni uchungu wa msiba. Nilikudanganya. Nitakueleza kwa utaratibu, maana nikiharakisha nitaacha kitu.

Unazikumbuka Jumamosi zetu kwenye kibanda cha Hiram cha kutengeneza redio. Yule Mwingereza aliyekuja kufundisha kwa kujitolea alimwachia sanduku la kanda, zote za roki ile ya progresivu, ambayo wimbo mmoja hujaza upande mzima, na Hiram akatufanya wasikilizaji wenzake. Wewe ulipenda bendi zenye kinanda na filimbi. Yeye alipenda za Waitaliano, ambao hakuna aliyejua wanaimba nini. Siku moja mteja wa kutoka Kipsongo alifuata redio yake, akasimama kusikiliza, akauliza, "Ati huu wimbo ulianza lini? Si mwaambie hao watu wapumzike, bana." Hiram akamwambia aende sokoni anunue sukuma, akirudi ataukuta. Akaenda, akarudi, akaukuta. Tulicheka mpaka Gicheru, muuza viatu wa jirani, akaja kuuliza kuna nini.

Sheria yetu waijua. Anayepewa kanda asikilize pande zote mbili, aandike maoni na albamu zake tano bora, kisha aipitishe. Na utepe mtupu ukibaki mwishoni, anayetaka arekodi maneno yake. Wewe ulirekodi matusi juu ya bendi niliyoisifu. Hiram alisema humo mambo asiyoweza kuyasema uso kwa uso, kama alipotuambia amejua habari zako na dada yake, na kwamba amefurahi. Mimi mliniita hakimu, kwa sababu maoni yangu yalikuwa marefu na yamepigwa taipu. Sikuyatia sahihi, nikihofia kwamba mkuu wetu akiyaona atajua nani anatumia mashine ya ofisi.

Mwezi wa nane Hiram aliniletea kanda kazini. Aliegemea kaunta akihema, nikadhani alikuwa na haraka. Alisema anakwenda Nakuru wiki tatu kutafuta vipuri. Akasema kanda hii niisikilize mimi kwanza, kisha akacheka, "Mpaka mwisho, hakimu. Usiniruke." Nikamwambia hilo halina shaka. Wiki iliyofuata nilipiga taipu nusu ukurasa kwa Kiingereza, nikamwachia Gicheru pale kibandani, naye akampa Mama Hiram alipopita, bila kumtajia aliyeileta.

Yaliyofuata uliyajua siku niliyoyajua mimi. Hakwenda Nakuru. Alikuwa Lugulu, hospitali ya misheni, kwa ajili ya moyo wake, na huko ndiko alikofia.

Siku ya mazishi, kabla hujafika, Mama Hiram aliniita nyuma ya jikoni. Aliniambia mwanawe alikuwa amemwarifu rafiki mmoja mahali alipo, na alikuwa na hakika atakuja. Hakumtaja jina. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliinua kichwa. Kisha mama akampelekea karatasi aliyopewa na Gicheru. Hiram aliisoma, akaikunja, akaomba ageuzwe upande wa ukuta, na hakuuliza tena kama kuna mtu amekuja. Mama aliitoa ile karatasi kifuani. Akasema, "Wewe umesoma, mwanangu. Nisomee, na uniambie ni ya nani."

Nikamsomea kwa Kiswahili. Mwandishi anashukuru kwa kanda. Ameisikiliza yote mpaka mwisho, na mwisho ndio uliomfurahisha kuliko yote.

Akauliza tena ni ya nani. Nikamwambia ni yako.

Wabwile, jina lako lilikuwa mdomoni kabla sijafikiri. Nilikuwa bado sijui Hiram alisema nini kwenye kanda. Nilijua tu kwamba sikuisikiliza. Na si hiyo peke yake. Hakuna hata moja kati ya zile kanda niliyoimaliza. Nilikuwa nikisikiliza dakika tano, nasoma kikaratasi cha ndani ya kasha, mengine natunga. Tulibishana mchana mzima juu ya albamu ambayo upande wake wa pili sikuugusa. Nyimbo zile zilinichosha. Nilichopenda ni kukaa pale na nyinyi, na niliogopa kwamba nikisema ukweli sitakuwa na sababu ya kuja.

Nilipotoka mazishini niliiweka ile kanda kwenye redio. Wimbo wa upande wa pili ni wa dakika ishirini na tatu. Ni mzuri, Wabwile. Ulipoisha nikasikia kikohozi, kisha Hiram. Alisema atakuwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Alisema ameogopa, na hakutaka kuniambia usoni kwa sababu ningeogopa kabla yake. Wewe hakukuambia kwa kuwa ungemwambia Nyambu, naye alikuwa kwenye mitihani huko chuoni. Aliniomba nije tu nikae, hata kama sina la kusema. Akasema, "Wewe ndiye unayefika mwisho, kwa hiyo najua utanisikia."

Mara mbili nimekwenda mpaka kwao kumwambia mama, na mara mbili nimerudia langoni. Kwa hiyo nimetia humu kanda yenyewe, pamoja na karatasi kwa Mama Hiram niliyoiandika kwa mkono, yenye jina langu lote. Mpelekee Nyambu amsomee mama yake. Mama akitaka kuisikia sauti ya mwanawe, kanda ni yake. Sikuombi unisamehe. Naomba tu nisiwe nimekuharibia nyumba ambayo bado hujaijenga.

Wasalimie nyumbani, na mama umpe pole ya miguu.

Jumamosi nataka kusimama mbele ya Mama Hiram mwenyewe, na peke yangu siwezi. Usipige simu ya ofisi, mkuu ndiye huipokea. Njoo hapa Tuwan asubuhi, uulize ploti ya vyumba vya kupanga iliyo nyuma ya posho mili, pale wanaposaga mahindi. Mlango wangu ni wa tatu, una pazia la kijani. Gonga kwa nguvu. Nikinyamaza, ujue nimo ndani. Usiondoke.

Ndimi,
Absalom Wepukhulu