Thindano

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Cherehani imekata mkanda tena, na jirani amehama akatuachia paka. Najua hayo hayakuhusu, lakini barua lazima ianzie mahali.

Mama bado anashona, ila kimya. Ulipomrusha mtandaoni akisema "thindano" kwa lile pengo lake, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nawe ukapata jina. Wateja wakawa wanaingia hapa kibandani: "Mama, una thindano?" Akanunua meno ya bandia, kisha akafunga mdomo. Siku hizi hata vipimo anavionyesha kwa vidole.

Sasa umemcheka mfiwa msibani, mashabiki wamekukimbia, ndipo umekumbuka kwamba una mama. Ujumbe wako nimeusoma. Unakuja Jumamosi kumwomba radhi mbele ya kamera. Nusura nilie kwa furaha, mpaka nikafika mwisho: "Mwambie avue meno." Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini mama yetu si nyoka. Sijui wewe umemtoa wapi huyo uliye naye moyoni.

La meno sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba unakuja na kamera. Akaweka mkasi chini, akayatoa mwenyewe, akayatia kwenye glasi ya maji.

"Bila thindano," akasema, "nani atamwangalia mwanangu?"

Basi njoo. Tangu jana anafanya mazoezi.

Ni mimi dada yako, niliyekushikia simu siku ile, nikacheka kuliko wote.