Turudie ku Nyumba kwa x

Jumatatu, 22 Machi 1993

Nimepanda cheo! Asubuhi nilikuwa mwalimu wa michezo. Saa nne préfet, mkuu wa shule, akaniita: kuanzia leo nafundisha math, darasa la sita la sekondari. Mwalimu wake, Muamba, ni Mkasaï, kamati ya wenyeji imesema Wakasaï warudi kwao, mkoa wa Kasaï, na mimi ni mtoto wa hapa. Sifa nyingine hakuniuliza.

Muamba amezaliwa hapahapa Kolwezi, hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Nikasema asante. Wakanikabidhi compas yake kubwa ya mbao, ile ya kuchorea duara ubaoni. Nimeona aibu kidogo. Nimefurahi zaidi.

Jumanne, 23 Machi

Balaa. Muamba ameacha hesabu ubaoni, nusu: ∫√(9 − x²) dx. Chini yake: «tuweke x = 3 sin θ». Basi! Mwanafunzi mmoja akauliza θ imetoka wapi. Nikasema: Ugiriki. Wakaandika.

Halafu nikawatoa nje wakimbie mizunguko sita. Examen d'État, mtihani wa taifa, ni baada ya miezi mitatu. Watafeli wote arobaini, nami najua ni kwa sababu ya nani.

Jumatano, 24 Machi

Nimeenda gare, stesheni ya treni. Kofia mpaka puani, mfuko wa unga chini ya koti — Abigaëlle, mke wangu, hajui. Watu maelfu wanangoja treni ya Kasaï, wengine siku ya tisa sasa. Wengi Kasaï hawajawahi kuiona. Muamba ameketi juu ya godoro na wanawe. Mbombo, binti yake mkubwa, ndiye wa kwanza darasani kwangu. Alikuwa wa kwanza, niseme.

Muamba akaniamkia kwa heshima: «Tata Numbi, na weye banakufukuza?»

«Hapana, tata. Niko natafuta dx.»

Akacheka mpaka akakohoa. Angeweza kunitemea mate! Badala yake akachukua kaa lililozimika, akaandika juu ya sanduku lake. Unamwondoa x, unaweka 3 sin θ, mzizi wa mraba unafunguka wenyewe: 3 cos θ. Na dx lazima ibadilike pia, x haondoki peke yake. Hiyo dx ndiyo mimi nilikuwa nimeisahau. Watu wa foleni ya maji wakasimama kusikiliza. Mama mmoja akamsahihisha alama ya kujumlisha!

Alhamisi, 25 Machi

Somo la pili, palepale gare. Tumefika: 9/2 (θ + sin θ cos θ) + C. Nikapiga makofi, tumemaliza!

«Bado, tata,» akasema Muamba. «Hii ni jibu ya θ. Balituuliza x. Θ ilikuwa ya kukopa tu, sasa turudie ku nyumba, kwa x.»

Akaanza kuchora pembetatu. Mstari mmoja, wa pili — na treni ikapiga honi. Mabehewa ya mizigo, ya wazi. Watu wakakanyagana. Sanduku lake likapita juu ya vichwa, na hesabu yangu juu yake.

Akanishika mkono kwa nguvu. «Mbombo abakie na weye mpaka examen. Umupe jina ya kwenu.» Alikuwa amekwisha panda. Akapiga kelele toka juu: «Ile ya kurudia ku x, Mbombo anaijua!»

Tumerudi kwa miguu, mimi na msichana. Hakulia. Mimi nililia, nikasema ni vumbi.

Ijumaa, 26 Machi

Sasa Mbombo anaitwa Jeancy, binti wa dada wa Abigaëlle, kutoka Mutshatsha. Abigaëlle aliniuliza kama nina wazimu, kisha akamsuka nywele upya. Darasani nikamtambulisha kama mgeni. Wote wanamjua tangu utoto! Wakatazamana. Halafu darasa zima: «Bonjour, Jeancy.»

Jumatatu, 29 Machi

Tata Mbuyu, mwenyekiti wa kamati, amekuja na daftari lake kuona mtoto wa nchi akifundisha. Akaketi nyuma. Nikaenda vizuri — 3 sin θ, dx, yote! — mpaka θ ya mwisho. Hapo nikakauka. Mbombo akasimama bila kuitwa, akachukua chaki, akachora pembetatu: 3, x, na √(9 − x²). Akauliza: «Na sasa?»

Darasa likajibu kwa sauti moja, kama walivyozoea kwa Muamba: «Turudie ku nyumba kwa x!»

Na sauti moja nzito kutoka nyuma, kubwa kuliko zote. Mbuyu! Nilikuwa nimesahau: zamani alisoma kozi za jioni kwa Muamba. Lilimtoka tu. Akashika mdomo. Akamtazama msichana muda mrefu.

«Huyu mutoto ni wa nani?»

«Wa dada ya bibi yangu Abigaëlle, wa Mutshatsha.»

«Mutshatsha? Mi nilizaliwa kule, bote ninabajua. Wa nani?»

Sasa niko ofisini kwa préfet, peke yangu. Yeye na Mbuyu wametoka kuvuta sigara. Mbuyu amechana ukurasa wa daftari lake: nijaze jina la mtoto, baba, mama, asili. Nasikia chaki kupitia ukuta, Mbombo anawamalizia mstari wa mwisho.

Nimejaza, bila Mutshatsha, maana Mbuyu anawajua wote wa kule. Jina: Jeancy. Baba: Numbi Séraphin. Ndiyo, mimi, mzinzi! Kamati itacheka mwaka mzima. Abigaëlle atanipasulia sufuria kichwani. Wacha apasue.

Mama: — hapo nimekwama. Lazima awe mtu wa hapa, aliye hai, atakayekubali kuulizwa leo hii; namjua mmoja tu, yule aliyemsuka nywele. Nasikia viatu vyao vinarudi. Nimeandika herufi moja tu, A, na