Nimehubiri Sadaka, Kaka Yangu Hataki Mbuzi Wangu

Mbozi, Novemba 1953

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie, maana nimeaibishwa na kinywa changu mwenyewe. Mimi ni mwinjilisti, na mwaka huu nilikwenda mafunzo ya wiki sita ambako mchungaji mmoja mgeni alitufundisha maneno ya Kiebrania ya sadaka za Waisraeli, nikayaandika yote tisa daftarini, nikarudi nyumbani natembea kama niliyeiandika Torati, na tangu hapo hata mtu akiniletea ndizi namwambia, "Hii ni minha, yaani zawadi," naye anabaki kunitazama tu.

Basi Jumapili ya mavuno nikahubiri kwamba ola ni kinachopanda juu, huteketezwa chote, mwenyewe haonji. Shelamim ni ya amani, mwenyewe huketi akala na watu wake. Na sadaka kwa jumla ni korban, maana yake kukaribia. Hapo kaka yangu mkubwa, Nikodemo, akasimama.

"Mwalimu, umesema kukaribia?"

"Ndiyo, kaka, kukaribia!"

"Mashamba yetu yanapakana. Mbona mwaka wa pili huu hujanikaribia?"

Kanisa zima likacheka, na mke wangu Marta, aliyekuwa kwenye kwaya, akacheka kuliko wote.

Ukweli ni kwamba mbuzi wangu waliingia shambani kwake wakamaliza miche hamsini ya kahawa, nami nikawasingizia ngedere, ingawa alama za kwato zilikwenda moja kwa moja hadi zizini kwangu. Baada ya aibu ile nikamtuma Marta na mbuzi mnene, tena mmoja wa walewale walafi, akarudi naye. Kaka amesema, "Kama huyu ni ola, amchome huko kwake. Kama ni shelamim, siwezi kumla peke yangu." Baada ya Krismasi binti yake Ikupa anaolewa, mimi ndiye baba yake mdogo, na mpaka leo sijaitwa kwenye kikao hata kimoja. Je, nitumie neno gani la Kiebrania ili asikatae tena?

Osea

Bwana Osea,

Nimecheka, nikakuhurumia, kisha nikakasirika. Daftari lako lina maneno tisa, umeniandikia manne. Liko wapi asham, sadaka ya hatia? Aliyemdhulumu mwenzake aliungama, akarudisha alichoharibu, akaongeza sehemu ya tano, ndipo akaleta mnyama. Wewe umeanza na mnyama, tena kwa miguu ya mkeo!

Kaka yako hakukufukuza. Asiyetaka kukuona hasemi hawezi kula peke yake. Amekualika, nawe unatafuta msamiati.

Mvua zimeanza. Tafuta miche sitini, hamsini ya deni na kumi ya nyongeza. Ibebe mwenyewe, mchana, watu wakuone. Ukifika, sema kwa Kinyiha, lugha mliyonyonya pamoja: "Kaka, walikuwa mbuzi wangu. Nilisema uongo." Halafu nyamaza, shika jembe, panda. Akikuambia mistari yako imepinda, ng'oa uanze upya.