Hodi ya Korongoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi huku Tononoka tu wazima, twamshukuru Mungu. Babu yako magoti yamsumbua, lakini jioni hakosi kwenda kula mihogo kule ufukweni Mama Ngina. Waniuliza utalizoeaje bweni ambako hakuna hata mmoja anayekukaribisha chumbani mwake.

Nimekumbuka safari yetu ya kaskazini tulipokuwa maarusi. Tulikwenda kwa gari, tukilala hemani. Siku moja, katikati ya jangwa, tukafika kwenye korongo lenye kuta ndefu za mawe mekundu, kimya hata wasikia pumzi zako. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, siingii pahali bila kubisha. Nikaita, "Hodi!"

Babu yako akacheka. "Wambishia nani, na hapa hapana hata mbuzi?"

Mara mwangwi ukarudi kutoka ndani: "Hodi! Hodi!"

Nikashtuka. Kumbe na huko nako kwabisha, kwangoja mtu wa kukaribisha! Nikajibu kwa sauti yangu yote, "Karibu!"

Majabali yakaitika karibu, karibu, mpaka ndani kabisa. Tukaingia, tukatembea humo hadi jua likapinda.

Nimekutumia kashata. Nimezitia nyingi makusudi, mtu mmoja hazimalizi.

Nyanyako