Mabaki ya Mstari wa Kahawa

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Miezi mitatu sikuandika humu. Nilijiambia ni kazi. Ilikuwa woga. Najiomba radhi mwenyewe, kwa kuwa daftari hili halina msomaji mwingine.

Nilifika ofisini, idara ya takwimu hapa Kampala, saa moja na nusu. Nakato, karani wa hesabu, alikuwa amekwisha kupangusa vumbi kwenye mashine yetu ya kukokotoa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Tulifanya hesabu za pamba hadi mchana. Akili yangu haikuwapo.

Sababu ni hii. Mwezi wa Julai nilitoa ripoti ya vyama arobaini vya wakulima wa kahawa. Nilichora mstari mmoja: chama chenye mibuni mingi kiasi hiki kitarajiwe kuleta magunia kiasi hiki. Nikaongeza kwamba chama kitakachopungukiwa na magunia zaidi ya mia mbili chini ya mstari kichunguzwe. Kichunguzwe tu. Wanajeshi wakaamua kwamba kimefanya magendo, kimevusha kahawa mpakani. Ijumaa walimkamata Mzee Erasto sokoni Kalerwe. Yeye ni mwenyekiti wa chama kikubwa kuliko vyote, nacho kilipungukiwa.

Kwa kosa la magendo watu huuawa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mke wa Erasto alikuja ofisini. Amezaa pacha, kwa hiyo wote humwita Nalongo. Alikataa kiti.

"Mzee Salehe, wanasema karatasi yako ndiyo iliyomfunga mume wangu. Hiyo karatasi imewahi kuiona mibuni yetu?"

Niliona aibu.

Alipoondoka nilitoa karatasi za mabaki, yaani tofauti kati ya magunia yaliyoletwa na yale ambayo mstari uliyatarajia. Niliyachora Julai ili nione kama yametawanyika kwa kiasi kilekile kila mahali. Sikuona umbo lolote. Nilipiga sahihi nimeridhika.

Nakato alichungulia begani kwangu.

"Ssebo, bwana wangu, vyama hivi ulivipanga kwa herufi?"

"Kama mafaili yalivyo."

"Eh! Kama orodha ya ubatizo. Mnene na mwembamba kwenye benchi moja, halafu unawashonea shati moja!"

Nilimwambia achunge ulimi wake. Kisha nikabaki nimeishika karatasi. Alikuwa amesema kweli. Nilipaswa kuyapanga mabaki kwa ukubwa wa vyama. Mwalimu wangu kule Tanga angenicharaza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbili za kuzungusha mashine. Nakato hakulalamika.

Tulipanga vyama kwa idadi ya mibuni, kuanzia kidogo hadi kikubwa, nikachora upya. Umbo lilijitokeza mara moja. Kushoto, kwenye vyama vidogo, nukta zimeukumbatia mstari. Kadiri unavyokwenda kulia ndivyo zinavyotapanyika, juu na chini, kama mpunga wa ungo uliopinduliwa na upepo.

Macho hudanganya, nikakokotoa. Niliweka kando vyama kumi vya katikati. Vidogo kumi na vitano nikavipatia mstari wao, vikubwa kumi na vitano wao. Nikajumlisha miraba ya mabaki ya kila kundi, yaani kila baki likizidishwa kwa lenyewe. Jumla ya vikubwa ni zaidi ya mara ishirini ya jumla ya vidogo. Nilirudia. Vilevile.

Basi magunia mia mbili ni balaa kwa chama kidogo, na kwa chama cha Erasto ni jambo la kila msimu. Tulipogawanya mabaki kwa idadi ya mibuni, Erasto aliketi katikati ya wenzake.

Hilo halithibitishi kwamba hakuvusha kahawa. Linathibitisha kwamba mstari wangu haujui.

Kwa kipimo hiki kipya, chama kimoja kidogo kimetokeza mbali chini ya mstari. Sitakitaja, hata humu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niliipeleka ripoti mpya kambini kwa wanajeshi mwenyewe. Kapteni wa kikosi cha kuzuia magendo alikuwa anakula karanga.

"Mzee, si wewe napiga sahihi hapa?"

"Ni mimi, afande."

"Sasa iko karatasi ingine. Gani inadanganya?"

"Mstari ni uleule, afande. Niliusoma vibaya. Kosa ni langu."

Alicheka, akamwita sajini. "Kuja uone! Mzee anajikamata mwenyewe. Na ni mtu ya Tanga, kwa maadui!"

Nilifungua mchoro mezani. Nilimwonyesha vyama vikubwa vilivyoleta mamia ya magunia juu ya mstari. Nikamwuliza kama nao waliyaiba, na wapi. Aliacha kutafuna.

"Hii nasikia," alisema. "Basi kama si Erasto, nani?"

"Mstari hauwezi kusema nani, afande."

Ni jibu sahihi. Nililitoa pia kwa sababu nyingine, kile chama nisichokitaja, naye alinitazama kana kwamba anaijua.

"Mimi si mkubwa. Mkubwa anaamua Jumatano. Wewe usitoke Kampala."

Alibaki na kitambulisho changu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Watoto wa ghorofa ya chini, hapa nyumbani Bugolobi, wameimba hadi wamechoka.

Nalongo alipita baada ya kanisa. Alikuwa amempelekea Erasto matooke, ndizi za kupika, kambini. Mlangoni wakipokea chakula, mtu yumo hai. Wakikikataa, familia huanza matanga. Walikipokea. Walimrudishia sufuria tupu, na jani la mgomba lililofungia chakula limekunjwa mara nne. Erasto hukunja hivyo kila alapo, alisema, tangu walipooana. Alinionyesha jani hilo. Nilimpa kiti, safari hii akaketi. Tulikunywa chai. Hatukuzungumzia Jumatano.

Nimeficha nakala ya mchoro kwa Nakato. Najuta kumkaripia. Ripoti yenyewe sijutii.

Mkubwa akishaamua, kuhusu Erasto au kuhusu mimi, nitaandika hapa alichoamua. Nikiwa bado na kalamu.